Kaka Yangu na Albamu ya Taa

Kaka yangu aliamini kwamba watu wengi wanaozisifu albamu kubwa za roki hawajawahi kuzisikiliza mpaka mwisho. Alisema wanasikiliza nyimbo mbili za mwanzo, wanasoma walichoandika wengine, kisha wanatikisa kichwa kwa heshima. Alilisema hilo kwa uchungu wa mtu aliyesogezewa mpaka wa shamba. Mimi nilimjibu kwamba hata yeye angelala katikati ya nyingi kama nisingekuwa nimemkodolea macho. Ndivyo tulivyokuwa, Jumapili baada ya Jumapili, kwa miaka mingi. Sasa hayupo, na Jumapili zangu sijui nizipeleke wapi.

Nina duka dogo hapa Kabianga, karibu na lango la chuo, ninakotoa nakala na kuwachapia watu kazi zao. Juzi mwanafunzi mmoja aliingia amevaa tisheti yenye picha ya taa ya kandili, imewashwa katikati ya shamba, mchana, jua likiwaka. Nilimwuliza kama anajua ile ni picha ya nini. Akajitazama kifuani, akasema, "Ni design tu, madam." Akalipia nakala zake akaondoka, nami nikakaa kwenye kiti changu nikashindwa kuendelea na kazi.

Sisi huku tumevaa albamu kabla ya kuzisikia. Marobota ya mitumba yakifunguliwa sokoni Ndanai, tisheti za bendi za ng'ambo hutoka zikiwa zimechanganyika na za makanisa, za kampeni za siasa na za mbio za hisani, na mtu huchagua ile ambayo haijatoboka. Ukipita kwenye mashamba asubuhi utaona albamu zinazosifiwa duniani kote zimeinama juu ya majani ya chai, zimelowa umande, na aliyezivaa hana habari.

Mama yetu, Mungu amlaze pema, alimnunulia kaka tisheti yenye picha ya wanaume wanne wenye nywele ndefu na ndevu, akiamini kwamba ni mitume. Alisikitika tu kwamba wale wanane wengine hawakutoshea. Kaka aliivaa kwenda shule ya Jumapili mpaka ikapauka, na watu wazima wakamsifu kwa uchaji wake. Siku moja mwalimu mgeni aliyeletwa shuleni kwetu alimwona, akacheka mpaka akashika ukuta, akamweleza kwamba wale ni wapiga gitaa na kwamba hapo hapana hata mtume mmoja. Kaka aliona aibu sana. Baadaye aibu ikageuka hasira, na hasira ikageuka hamu ya kujua hao watu waliimba nini hasa.

"Nilikuwa nimevaa watu siwajui," aliniambia tulipokuwa watu wazima. "Na nikasifiwa juu yao."

Nadhani maisha yake yote alikuwa akijaribu kulisahihisha jambo hilo.

Alipomaliza shule alipata kazi katika kiwanda kimoja cha chai, na baada ya kuzungushwa hapa na pale akaishia kwenye chumba cha kuonja. Wasioijua kazi hiyo hudhani ni ya kukaa na kunywa chai. Kumbe mwonjaji hanywi. Vikombe vyeupe hupangwa kwenye meza ndefu, kila kimoja na chai ya bechi yake, yaani mkupuo mmoja wa kiwanda, naye hupita akichota kwa kijiko. Huivuta chai kwa kishindo ili ienee mdomo mzima, kisha huitema. Ikiwa imeungua, ikiwa imelala haina uhai ulimini, ikiwa ina harufu ya moshi, hukivuta kikombe nje ya mstari bila kusema neno. Haambiwi majani ni ya nani. Anaweza kuwa anaitema chai ya mjomba wake.

Kanuni hiyo aliihamishia nyumbani ikiwa nzima. Kila Jumapili nilikuwa nikitoka kanisani napanda boda hadi kwake, upande wa Kaplong, namkuta amekwisha kuweka kispika kidogo juu ya meza. Albamu alikuwa ameipakua kwenye simu katikati ya wiki, lakini hakuniambia ni ya nani. Aliificha simu chini ya kitambaa cha meza ili nisione picha wala jina. Hakuna kusema mpaka iishe. Hakuna kuruka wimbo. Ukienda msalani, inasimamishwa inakungoja. Ikiisha, kila mtu anatoa hukumu yake, na hapo ndipo vita inapoanza.

Tulibishana kwa Kiswahili. Mke wake alitoka upande wa Kisii, na mimi na kaka tuliona si adabu kugombana kwa Kipsigis mbele ya mwenye nyumba. Isitoshe, wifi yangu ni Msabato, kwa hiyo Jumapili kwake ilikuwa siku ya kazi kama siku nyingine. Alikuwa jikoni, au kwenye ng'ombe, akiingia na kutoka na vikombe. Hakuwahi kuketi nasi. Mimi nilidhani kelele zile zinamchosha, na wakati mwingine nilimwonea huruma.

Albamu ya Taa niliisikia hivyo, chini ya kitambaa. Sikujua kwamba ndiyo ile ambayo kila mwaka, watu wakipanga albamu bora za dunia, huiweka kileleni au karibu na kileleni. Nilijua tu kwamba wimbo wa kwanza ulipoanza, mikono yangu iliacha kufanya chochote. Na ule wa mwisho, ule mrefu, maneno yanaisha katikati na gitaa linabaki peke yake, linatembea polepole kama mtu anayekagua nyumba aliyohama. Ulipoisha nilikuwa nimeinamisha kichwa.

"Sema," kaka akaniambia.

"Ni nzuri. Ni nzuri sana. Nani hawa?"

Akaifunua simu. Alipoona nimeitambua ile picha ya taa ya kwenye jalada, uso wake ulijaa masikitiko, utadhani nimemletea mchumba mlevi.

"Lakwet, hata wewe," alisema. Lakwet ni mtoto kwa lugha yetu, na ndivyo alivyoniita hata baada ya mvi kunitoka.

Kwake yeye Albamu ya Taa ilikuwa chai ya kawaida iliyotiwa kwenye pakiti nzuri. Alikubali nyimbo tatu za mwanzo. Zilizobaki alisema zimelala. Mwimbaji ndiye aliyemkera zaidi.

"Huyu analia na hata hajapigwa."

"Kuna watu hulia kabla ya kupigwa," nilimjibu. "Uliza mwanamke yeyote."

"Na huku mwisho wameishiwa. Wameongeza maji kwa maziwa ndio debe lijae."

"Wewe ndio umeishiwa. Mtu akinyamaza unadhani hana la kusema."

"Akinyamaza anyamaze kabisa. Si kunisumbua na gitaa."

Tulibishana juu ya albamu nyingine pia, nazo tuliziita kwa picha za majalada yao. Kulikuwa na ile ya Farasi, ambayo yeye aliipenda na mimi nikaiita kelele za mabati. Kulikuwa na ile ya Ngome, ambayo sote wawili tuliidharau, na kwa sababu hiyo tuliisikiliza mara moja tu. Lakini kila baada ya muda tulirudi kwenye Taa. Nilikuja na hoja mpya niliyoifikiria dukani wiki nzima, naye alikuwa na yake aliyoifikiria kazini akiwa amejaza mdomo chai.

Na si kwamba alipinga kwa kupenda kupinga. Alikuwa na swali lake moja ambalo sikuwahi kulijibu vizuri: nani alionja? Alitaka kujua ni akina nani walioketi mahali fulani wakaamua kwamba albamu hii ni kubwa na ile si kitu, na kama walifichiwa jina walipokuwa wakisikiliza. Alisema chai yetu ya huku inapanda meli, inachanganywa na nyingine, inakwenda kunywewa na watu wasiojua kama kuna mahali panaitwa Sotik, na wanaisifu pakiti. Alisema tulikuwa na wapiga gitaa wetu huku nyumbani, waliorekodi kwa siku moja wakarudi shambani, na hakuna aliyewahi kuwapanga kwenye mstari wowote. "Wangewekwa chini ya hii kitambaa," alisema akipiga meza, "tungeona." Alipopiga meza vikombe viliruka. Nilimpenda sana alipokuwa hivyo. Sikumwambia, kwa sababu sisi kwetu hatuambiani mambo ya namna hiyo, na pia kwa sababu ningekuwa nimemwachia pointi.

Ugonjwa ulianza kwa ugali. Aliniambia umekwama kidogo, akanywa maji, ukashuka. Baadaye akaanza kukata tonge dogo dogo. Baadaye akasema siku hizi uji ndio unampendeza. Huku kwetu mtu akisema chakula kinakwama, waliomzunguka hunyamaza, kwa sababu kila mmoja anajua nyumba mbili tatu ambako ilianza hivyo. Mimi nilinyamaza pia. Nikajiambia ni vidonda vya tumbo. Mke wake ndiye aliyemshika mkono akampeleka hospitali, nami nikawafuata.

Daktari alimwuliza, pamoja na mengine mengi, kama anakunywa chai ikiwa moto sana. Sote watatu tulitazamana. Huku chai isiyokuchoma ulimi hurudishwa jikoni. Ukimpa mgeni chai vuguvugu atadhani unamfukuza. Kaka alimweleza daktari kwamba kazini huwa anatema, na daktari akauliza, "Na nyumbani?" Kaka akasema nyumbani anameza. Ilikuwa saratani ya koo. Walimwekea bomba la kumlisha, wakaeleza kitakachofuata kwa maneno ya upole, na tukarudi nyumbani.

Tuliendelea na Jumapili zetu. Nilisisitiza mimi. Niliona kwamba maadamu kuna kubishana, kuna mtu wa kubishana naye. Sauti yake ilikuwa ikipungua lakini hoja zake hazikupungua, na kwa muda huo nilijidanganya kwamba ugonjwa umeshika koo peke yake. Mkewe alimletea chai, kwa sababu mumewe hakuweza kuvumilia nyumba isiyo na harufu ya chai. Kaka aliivuta kutoka kwenye kijiko, akaiweka mdomoni kwa muda mrefu, macho yamefumbwa, kisha akaitema kwenye bakuli. Sasa alikuwa anatema hata nyumbani. Mkewe aliliondoa bakuli bila kutazama ndani.

Kisha ikaja Jumapili ya mvua, mvua ile ya Kericho na Bomet ambayo huanza baada ya chakula cha mchana utafikiri imepigiwa kengele. Yeye mwenyewe aliomba tuisikilize Taa. Hakuificha chini ya kitambaa. Tuliisikiliza yote, na wimbo wa mwisho ulipoisha nikajiweka sawa kwenye kiti, tayari kwa maji na maziwa.

"Sawa," akasema. "Umeshinda. Iko juu. Inastahili."

"Inastahili nini?"

"Kila kitu wanasema."

"Na huo wimbo wa mwisho?"

"Ni mzuri."

"Si umeniambia miaka yote ni maji kwa maziwa?"

"Nilikuwa nakusumbua tu, lakwet."

Miaka yote nilikuwa nimeitaka siku hiyo. Niliwahi hata kupanga nitakavyomtambia. Lakini niliposikia maneno hayo nilifanya kitu cha kitoto. Nilimwambia kwamba mimi nimebadilisha mawazo. Nilimwambia albamu ni takataka, nyimbo tatu za mwanzo ndizo tu zenye maana, mwimbaji analia na hajapigwa, na gitaa la mwisho ni la watu walioishiwa. Nilimrudishia maneno yake yote, moja baada ya jingine, huku nikimtazama, nikimsihi kwa macho ayakatae. Akanisikiliza. Akatabasamu kwa upole.

"Pia hapo uko sahihi," akasema.

Upole ule ulinitisha kuliko kukonda kwake. Nililia njia nzima kwenye boda, mvua ikinipiga usoni, na mwenye boda akadhani ni baridi akaniambia tumekaribia. Baada ya siku hiyo alinikubalia kila kitu. Nikisema albamu ya Farasi ni kelele, alisema ndiyo. Nikisema si kelele, alisema ndiyo. Nilikuwa na hasira naye na sikuwa na mahali pa kuiweka, kwa sababu huwezi kumkasirikia mgonjwa kwa kukubaliana nawe. Alifariki kabla ya mvua hizo kwisha.

Mimi ndiye niliyechapa ratiba ya mazishi. Kazi hiyo nimeifanya kwa miaka na naijua kama Baba Yetu. Marehemu wote wanaopita kwenye mashine yangu walikuwa wapole, wacheshi na wapenda watu. Nimewachapia wagomvi waliokuwa wakikimbizana na panga, na wote walikuwa wapole. Wazee wa ukoo waliniletea wasifu wa kaka yangu ukiwa tayari. Uliishia kwa kusema kwamba alikuwa mtu mtulivu na hakuwahi kubishana na mtu yeyote. Niliusoma mstari huo mara kadhaa. Nilitaka kuufuta, lakini wazee walikuwa wamesimama nyuma yangu wakitazama skrini, na mmoja wao alikuwa akilia. Nikauacha.

Siku ya kuzika, mstari huo uliposomwa kwenye kipaza sauti, watu waliitikia kwa kichwa chini ya mahema yote. Nikawaka. Niliona wanamfanyia kile alichokichukia maisha yake yote. Wanaisifu pakiti. Nilipoitwa kuzungumza kwa niaba ya dada, niliikunja karatasi niliyokuwa nimeandaa.

Nikasema kaka yangu hakuwa mtulivu. Nikasema alikuwa mbishi, kwamba angeweza kukukatalia kwamba leo ni Alhamisi huku akiwa na kalenda mkononi. Nikasema alikuwa na kiburi cha masikio, alikuwa mgumu kusifu, na kwamba ndiyo sababu sifa yake, ukiipata, ilikuwa na uzito. Nikasema kama tunataka kumsifu basi tumsifu kwa alichokuwa. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyesema amina. Watu walitazamana. Mwongozaji wa shughuli akashukuru haraka, na kwaya ikaanzisha wimbo kabla sijafika kwenye kiti.

Baadaye walikuja mmoja mmoja kunishika mkono. "Umesema vizuri sana, madam," waliniambia. Wote walikubaliana nami, kama watu wanavyokubaliana na mfiwa. Mwenzake mmoja wa chumba cha kuonja aliushika mkono wangu kwa muda mrefu kidogo. "Dada," akasema, "huyo umeongea juu yake sisi hatukumjua. Kazini ungemaliza wiki hujasikia sauti yake." Nilidhani naye anamtetea marehemu kwa heshima. Nikamshukuru, nikageuka.

Jioni, mahema yalipokuwa yakishushwa, nilikwenda jikoni kumsaidia wifi yangu. Alikuwa akiosha vikombe, peke yake, amejifunga kitenge juu ya nguo nyeusi. Nikachukua kitambaa nikaanza kupangusa.

"Dada," akasema bila kuniangalia, "leo umedanganya watu."

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Huyo mtu hakuwa mbishi. Mimi ndio nimeishi na yeye. Hakuwahi kunikatalia kitu. Nikisema tuhamishe boma ya ng'ombe, tuhamishe. Nikisema tuwache, tuwache. Kuna siku nilitia chumvi kwa mboga mara mbili, makusudi, nione kama ataongea. Alimaliza yote akasema asante."

Nilisimama na kikombe mkononi.

"Jumapili ndio nilikuwa namskia. Nasimama hapa hapa. Anapiga meza, anaita kitu takataka, anakuambia wewe hujui kitu. Najiuliza, huyu ni bwana ya nani? Mbona huyu haji kwangu?" Akakisugua kikombe kilichokuwa kimetakata kitambo. "Nilikuwa na wivu, dada. Si ya mwanamke. Ya dada yake."

Nilimkumbuka yule mwenzake wa kazini, nikamkumbuka kila mtu aliyetikisa kichwa chini ya mahema, nikaelewa kwamba wasifu ule ulikuwa kweli. Ulikuwa kweli kwa wote isipokuwa mimi. Mtu ambaye siku nzima anahukumu kimya kimya, anavuta vikombe nje ya mstari bila kumweleza yeyote sababu, alikuwa ameyaweka maneno yake yote mahali pamoja, kwenye meza ile, siku moja ya wiki. Na katika zile Jumapili za mwisho, alipokuwa akinikubalia kila kitu kwa upole, alikuwa amenihamisha nami akaniweka na watu wengine. Labda alidhani ananipunguzia uzito. Iliniuma kuliko kaburi.

"Mtu anaonja chai ya kila mtu," wifi yangu aliendelea, "na yangu kila siku anasema iko sawa. Iko sawa. Iko sawa. Mpaka amekufa, mimi sijui kama chai yangu ni nzuri." Akanigeukia. "Wewe alikuambia?"

Alikuwa ameniambia. Ilikuwa mara moja tu, tukiwa tunabeba majani ya chai kwenda kituo cha kununulia, na niliapa sitalirudia. Nilimtazama mjane huyu mwenye povu mikononi, siku ambayo mume wake amefukiwa, na jambo rahisi kuliko yote lilikuwa kusema aliipenda. Watu wote wa siku hiyo wangesema hivyo. Mimi mwenyewe nimelichapa neno hilo mara ngapi.

"Aliniambia," nikasema. "Alisema unaichemsha mpaka inakufa, halafu unaizika kwa maziwa."

Aliacha kusugua. Kisha akaketi kwenye kigoda, akajifunika uso kwa kitenge, na mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani nimemwua. Lakini alipokishusha kitenge alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka, na kicheko chenyewe kilikuwa kikikatika katikati kikageuka kilio, kisha kikarudi.

"Kumbe alikuwa anajua," alisema. "Kumbe alikuwa anaionja." Akajipangusa. "Sasa mbona hakuniambia?"

"Sijui," nikasema. Na kweli sijui.

Akainuka. Akaweka sufuria juu ya moto, akatia maziwa mengi na maji kidogo, akatia majani, akaiacha ichemke, ipande, ishuke, ipande tena, ichemke mpaka ikawa rangi ya udongo wa barabarani. Hakuharakisha wala hakupunguza chochote. Akanimiminia ikiwa bado inatokota, akasimama mbele yangu akaweka mikono kiunoni.

Nilivuta kidogo kwa kishindo, kama nilivyomwona kaka akifanya. Nikaishikilia mdomoni. Nikaimeza.

"Alikuwa sahihi," nikamwambia. "Imekufa kabisa."

Akanipokonya kikombe, akaonja mwenyewe, akakirudisha mkononi mwangu kwa nguvu hata kikamwagika.

"Hapana," akasema. "Wewe na kaka yako hamjui chai. Hii ndio chai. Hebu sema ni nini mbaya na hii."

Akaningoja. Ilikuwa zamu yangu kujibu, na hoja nilikuwa nazo, lakini nilikuwa nikilia kiasi kwamba sikuweza kutoa hata neno moja.